Maji Bondeni, Moto Kilimani: Vituo vya Zimamoto Pemba Vinapoitana

Gari la Wete likifika kwenye moto ambao wenzao wa Chake wameshaanza kuupiga, swali la kwanza si "tuanzie wapi?" Swali ni "mpira wenu kichwa gani?", yaani mpira wa maji una kiungo cha aina gani mwishoni. Majibu yakipishana, magari mawili yaliyojaa maji yatasimama hatua kumi tu baina yao, na moja halitaweza kumpa mwenzake hata lita moja. Moyo wa kusaidiana Pemba haujawahi kupungua. Hata mtoto wa skuli akisikia mayowe anakimbia na ndoo. Kinachotuangusha ni vyuma, maji na nani anasema. Vitu vitatu hivyo havipatani usiku wa moto kama havikupatanishwa mchana wa kiangazi, watu wakiwa wametulia wanakunywa chai.

Tuanze na vichwa vya mipira, maana ndipo panapotia aibu. Gari lililoundwa kwa kiwango cha Uingereza lina vichwa vya kusukuma: dume linaingia ndani ya jike, vijino vinabana, basi. Kipimo chake ni inchi mbili na nusu, yaani milimita 64. Gari la Kijerumani lina vichwa vya Storz, ambavyo havina dume wala jike. Pande mbili ni sawa, unazikutanisha na kuzungusha kidogo mpaka makucha yashikane. La Kijapani nalo lina vichwa vya kusukuma, na hapo ndipo mtu anapodanganyika, kwa sababu ukikitazama kwa mbali unadhani ni kile cha Kiingereza. Vipimo havikubaliani, na ukilazimisha unavunja kijino. Magari na mipira ikiingia kisiwani kwa njia tofauti na miaka tofauti, vituo viwili vya kikosi kimoja huweza kuwa na makoo yasiyojuana.

Watu hujaribu kufunga kwa tyubu ya baiskeli na kamba. Inashika, lakini kwa msukumo mdogo tu. Pampu ikipandishwa kupita baa mbili (baa ni kipimo cha msukumo), kiungo kinachomoka, na kichwa cha aluminiamu kinachorushwa na maji kinavunja mguu wa mtu. Usimpelekee pia fundi wa kuchomelea mageti akuunganishie vichwa viwili. Aluminiamu haishikani kwa mashine yake ya vyuma vya kawaida, na hata ikionekana imeshika itapasuka siku ya kazi. Anayefaa ni fundi mwenye mashine ya kukereza, umpe vichwa vyote viwili mkononi apime mwenyewe. Usimpe vipimo ulivyoandika kwenye karatasi.

Dawa ya bei nafuu zaidi ni ile tunayoiita mpira chotara: mpira mmoja, vichwa viwili vya aina mbili. Chukua mpira wa mita 25 uliochakaa upande mmoja, kata sehemu mbovu, ingiza shingo ya kichwa cha aina ya pili. Kabla ya kufunga, zungushia kipande cha turubai ili waya usile mpira. Kisha kaza waya laini wa mabati mizunguko kumi hadi kumi na miwili, kila mzunguko ukigusana na wenzake bila kupandana. Ncha ya waya ilazwe na kufunikwa. Ncha iliyoachwa wazi hutoboa mpira wa jirani kabatini, nawe utalaumu panya. Jaza maji polepole, toa hewa yote, panda mpaka baa kumi, kaa dakika tano, tazama kama shingo inasogea. Ikisogea hata upana wa ukucha, fungua uanze upya. Kila kituo kiwe na michotara miwili, nayo ikae kabati la mbele. Ikiwekwa chini ya ngazi na majaketi, ni sawa na kutokuwa nayo.

Na washa za mpira, vile vipete laini vya kuzuia mvujo ndani ya vichwa! Kitu cha bei ya peremende kinazima gari zima. Kwenye mpira wa kutolea maji, washa ikikosekana unalowa tu. Kwenye mpira wa kufyonzea, hewa inaingia na pampu haivuti kabisa. Dereva anaongeza mafuta, injini inapiga kelele, sindano ya mvuto inacheza karibu na sifuri, na watu kijijini wanaanza kusema gari limeletwa bovu. Jaribio lake ni dogo: funga mipira ya kufyonzea mikavu, ziba mwisho, vuta hewa mpaka sindano ifike baa 0.8, zima, hesabu dakika moja. Ikiporomoka, pita na kiganja kilicholowa maji kwenye kila kiungo; panaponyonya ndipo pabovu.

Sasa maji. Gari la kawaida la zimamoto hubeba lita 3,000 hadi 5,000. Chukua 4,000. Mpira mmoja wa milimita 45 ukifunguliwa sawasawa unakula lita 400 kwa dakika, kwa hiyo dakika kumi tangi limekauka. Kutoka Chake hadi Wete ni kiasi cha kilomita 30, na hadi Mkoani ni hivyo hivyo upande wa pili, barabara za vilima na kona. Gari zito halifiki chini ya dakika 40. Nyumba ya makuti haingoji dakika 40. Hata robo ya muda huo ni mingi kwake. Kwa hiyo gari linaloitwa kutoka wilaya nyengine haliji kuokoa nyumba iliyowaka. Linakuja kuokoa ya tatu na ya nne, zile zilizo upande unaopelekwa na upepo. Afisa asiyelikubali hili humwaga tangi lake lote juu ya majivu huku cheche zikishika paa la jirani. Wenye nyumba watalia, na wana haki ya kulia, lakini maji yapelekwe kwenye makuti ambayo bado hayajaungua, na vijana wapande na upondo wayashushe yale ya ukingo unaoelekea moto.

Gari liitwalo kutoka mbali lije limejaa au lije tupu. Tangi nusu ni baya kuliko yote mawili: dereva anakata kona, maji yanahamia upande wa nje, gari linalala. Tangi lina sahani ndani za kuvunja mawimbi, ila kwenye gari lililozeeka sahani hizo huwa zimeliwa na kutu, na hakuna anayeziona mpaka siku ya ajali.

Baada ya dakika kumi za mwanzo, vita si vya moto tena, ni vya boza. Hesabu iko hivi. Boza la lita 10,000, kisima kiko kilomita tano. Kwenda dakika kumi, kurudi kumi, kujaza kwa pampu ya lita 500 kwa dakika ni dakika 20, kumwaga dakika nane. Jumla 48. Gawa lita 10,000 kwa 48, unapata lita 200 na kidogo kwa dakika, nusu ya mahitaji ya mpira mmoja. Maana yake unahitaji maboza mawili ili mpira mmoja tu usikatike. Hapa ndipo vituo viwili vinapokosa maarifa: vyote hupeleka magari kwenye moto, hakuna anayepeleka pampu kisimani. Ukiweka pampu ya pili pale pa kujazia, ukajaza kwa dakika kumi badala ya 20, boza lile lile linafikisha zaidi ya lita 260. Gari la pili mara nyingi lina faida kubwa zaidi likiegeshwa mtoni kuliko likiegeshwa mbele ya moto, ingawa hakuna anayepigwa picha akiwa mtoni.

Boza la ujenzi lina jambo lake. Nyuma limefungwa bomba la inchi mbili linalomwaga kwa uzito wa maji tu, na lita 10,000 zinachukua karibu nusu saa. Mwenye boza akikubali kutobolewa tundu la inchi nne na kuwekewa koki, muda unashuka hadi dakika saba au nane. Wengi hukubali ukiwaeleza kwamba hata kwenye kazi zao za barabara watamaliza mapema. Boza lisisubiri gari linywe. Limwage kwenye bwawa la turubai na kuondoka. Bwawa lenyewe ni rahisi: fremu ya mbao ya mita 3 kwa 3, kimo sentimita 60, turubai la mita 5 kwa 5 juu yake, linabeba zaidi ya lita 5,000, kwa hiyo boza la lita 10,000 linataka mawili. Kona zifungwe kwa boliti. Misumari huchomoka maji yakijaa, na tope litakalotokea litanasa magurudumu ya gari lenu wenyewe. Chini pawe tambarare na pafagiliwe, kwa sababu kigae kimoja cha chupa kinatosha.

Wapemba tunajenga juu, tunalima mpunga chini. Maji yako bondeni na moto uko kilimani, na kila mita kumi za kupanda zinakula baa moja ya pampu. Kilima cha mita 40 kimekula baa nne kabla maji hayajafika kwenye mkono wa mtu. Msuguano ndani ya mpira nao una tabia ya kibahili: ukitaka mtiririko mara mbili, hasara inakuwa mara nne. Njia ni kupokezana: pampu moja mtoni, ya pili katikati ya kilima, mpira mpana njia nzima, ule mwembamba uanzie kileleni tu. Anayesimama pampu ya katikati aangalie mpira unaoingia kwake. Ukianza kulegea chini ya mguu, anavuta zaidi ya anachopewa. Apunguze mwendo wa injini, asiongeze.

Kuna mtego ambao mgeni hauoni. Ni lazima umeme ukatwe kabla ya maji kupigwa karibu na nyaya, na Pemba umeme wetu unakuja kwa waya wa chini ya bahari kutoka Tanga tangu 2010, unagawiwa na ZECO, shirika la umeme la Zanzibar. Pampu za visima vya ZAWA, mamlaka ya maji, zinakula umeme huo huo. Ukipiga simu ukasema "zimeni huku," wakazima laini nzima, dakika chache baadaye kisima ulichokitegemea kimesimama na bomba la skuli limekauka. Waombeni wakate kwenye transfoma ya mtaa unaoungua peke yake, na kabla ya hapo mjue kila kisima kiko laini gani. Swali hilo liulizwe ofisini kwao siku ya kawaida. Usiku, aliye zamu huenda akawa mgeni wa eneo.

Bahari nayo watu huihesabu kama tangi lisilokwisha. Ni kweli, ila lina saa zake. Pampu hunyanyua maji kwa kunyonya mita saba hivi kwa kazi ya kweli, hata kama vitabu vinasema kumi. Siku za bamvua maji hupanda na kushuka karibu mita nne, kwa hiyo gari lililovuta vizuri gatini maji yakiwa yamejaa linaweza lisivute kitu yakipwa. Mkono wa bahari wa Chake maji yakipwa ni tope na mikoko. Gari likishuka huko linahitaji kuokolewa lenyewe. Maji mafu tofauti ni ndogo na kazi ni nyepesi. Kila siku maji yanachelewa kiasi cha dakika 50, na hakuna haja ya kufungua simu kulijua hilo: muulizeni mvuvi yeyote. Chujio lizame angalau sentimita 30, lisiguse chini, na livishwe dema kuukuu au tenga ili majani na mwani usizibe. Mkimaliza, pitisheni maji baridi, yasiyo ya chumvi, ndani ya pampu dakika kumi, kabla ya kula, kabla ya kuswali hata, kama wakati unaruhusu. Chumvi ikilala usiku mmoja, vali zinaanza kukwama.

Gari likikaribia kijijini, sheha, yaani kiongozi wa eneo, ndiye ramani. Barabara zetu nyingi za ndani hazina majina, na mpigaji simu aliyepaparika husema "hapa kwetu." Wa zamu anapaswa kuuliza msikiti gani, skuli gani, ukitoka barabara kubwa unakata mkono upi. Wakati wa karafuu liko jambo jengine: majamvi ya karafuu huanikwa kando ya lami, mahali pengine mpaka juu ya lami yenyewe. Dereva mwenye huruma atapunguza mwendo, asiye na huruma atapita juu ya jasho la mtu. Ombi kwa sheha huwa fupi:

"Mzee sheha, gari linatoka Wete sasa hivi. Tupe vijana wanne wakunje majamvi toka njia panda mpaka msikitini, na mmoja asimame na tochi pale tunapokata."

"Watakuwepo. Mje na boza, kisima chetu hakina maji toka juzi."

Maneno hayo mawili ya mwisho ya sheha yana thamani kuliko ripoti ya kurasa kumi. Ndiyo maana kila shehia, yaani eneo la sheha, iwe na karatasi yake moja kituoni, imefunikwa plastiki: maji yako wapi, kina chake, gari linageuzia wapi, mti gani umeinama njiani, nani ana ufunguo wa tangi. Kisima kipimwe kwa pipa la lita 200. Pampu ikilijaza kwa sekunde 24, hizo ni lita 500 kwa dakika. Endeleeni dakika 20, kwa sababu visima vingi hutoa vizuri mwanzo kisha vikalegea.

Kabla gari halijafika, majirani wapange mistari miwili ya ndoo, mmoja unapandisha zilizojaa, mwengine unarudisha tupu. Watu 30 waliosimama kwa urefu wa mkono huweza kupitisha ndoo 14 kwa dakika. Ndoo ya lita 10 haifiki imejaa, hesabu saba. Ni kama lita 100 kwa dakika, robo ya mpira mmoja, nayo inatosha kabisa kulowesha paa la jirani. Wakikimbia kila mtu na ndoo yake, wanagongana na nusu ya maji inabaki njiani.

Nani anasema? Wa kwanza kufika ndiye mwenye moto, hata kama anayekuja baadaye ana nyota nyingi begani, mpaka wakabidhiane kwa mdomo na watu wasikie. Makabidhiano mazuri hayazidi nusu dakika.

"Afande, nyumba mbili zimekwisha, ya tatu tunailowesha. Upepo wa kusi. Watu wote wametoka isipokuwa bibi mmoja, tumemtuma mtu kwa jirani ahakikishe. Mtungi wa gesi umo banda la nyuma. Maji yangu dakika tatu."

"Nimepokea. Wewe baki na mipira, mimi nashika redio na sheha."

Bila hivyo, kituo kimoja kinapiga maji kutoka mbele na kingine kutoka nyuma, na mvuke na moshi wa huyu unamrudia mwenziwe usoni.

Zimamoto ya uwanja wa ndege Chake ina gari zuri na watu waliofundishwa, na kila moto mkubwa unapotokea karibu, wananchi huuliza kwa hasira kwa nini halikutoka. Sababu ni kwamba uwanja hupewa daraja la kinga kulingana na gari na maji yaliyopo. Gari likitoka, daraja linashuka, na ndege iliyo njiani huenda ikakosa ruhusa ya kutua. Kwa hiyo liulizwe kwa namna inayojibika: ndege ya mwisho saa ngapi? Baada ya hapo, je? Na kama gari haliwezi kutoka, dawa ya povu inaweza kuletwa kwa gari dogo. Povu hilo ndilo linalohitajika palipo na madumu ya petroli, ambako maji matupu hutandaza moto badala ya kuuzima.

Kwenye visiwa vya Kojani, Fundo, Makoongwe na Kisiwa Panza hakuna gari litakalofika. Huko msaada wa kituo ni pampu ya kubebwa na watu wanne, na jahazi la mtu aliyekubaliana nanyi mapema. Pampu ifungwe katikati ya chombo, petroli ikae mbali nayo na mbali na mwenye sigara. Kosa kubwa ni kubeba mipira michache. Maji yakipwa, bahari inakwenda mbali, na mita 300 ni mipira 12 ya mita 25. Tumeni mipira kwa chombo cha kwanza na watu kwa cha pili, kwa sababu wa kuivuta wapo kisiwani tayari, tena wana mikono ya kuvuta nyavu.

Moto wa mashamba wakati wa kaskazi, Januari na Februari, unataka watu kuliko magari. Mkarafuu haupendi moto hata ule wa majani ya chini. Gome likishaungua kuzunguka shina, mti unakauka taratibu na mwenyewe haelewi mpaka msimu ujao. Pigeni kwa makuti mabichi kutoka ubavuni, mkitembea juu ya palipokwisha kuungua. Msisimame mbele ya moto kilimani, maana unapanda haraka kuliko mtu. Mnazi mkavu ulioshika kichwani uangushwe, la sivyo utapanda cheche ng'ambo ya njia usiku kucha.

Baadaye hubaki kazi isiyopendwa. Mipira ya vituo viwili imechanganyika matopeni, na kila mmoja anachukua iliyo mizima. Ndiyo sababu ya kupaka rangi karibu na kichwa, kila kituo rangi yake, na kuandika daftarini kabla gari halijawashwa: mipira mingapi imekuja, mingapi imerudi, dizeli lita ngapi. Dizeli isipoandikwa, mara ya pili gari la jirani "litakuwa bovu." Mipira ya turubai ioshwe na kutundikwa ikauke; ikikunjwa mbichi inaota ukungu kwa siku chache na kuchanika kwenye moto unaofuata.

Kituo cha mbali kiondoke kwanza, kwa kuwa wilaya yake iko wazi. Cha karibu kiache pipa la maji, ndoo mbili na watu wawili wa shehia hadi alfajiri. Makumbi na magogo ya mnazi yanashika moto ndani yakiwa meusi nje; wayachokoe kila saa, waweke mgongo wa kiganja karibu bila kugusa, na panapopiga joto wamwage maji, wachimbue, wamwage tena.